Wakubwa Wawili wa Mezani

Sogeeni niwasimulie, na mwenye haraka zake aende salama, maana hadithi hii haipendi kukimbizwa. Inahusu nchi inayoitwa Mezani, na mtu aliyefika huko akanusurika kumpoteza mwanawe, ingawa mtoto mwenyewe hakuwa ametoka nyumbani hata kwenda dukani. Aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta kuukuu ya mezani, ile yenye tumbo la bati na feni inayokoroma, akabonyeza kitufe, kioo kikabaki cheusi na maneno meupe yakamwambia kwamba diski haionekani, huyo hofu ya hadithi hii anaijua tayari. Asiyewahi, ataijua kabla sijamaliza.

Mtu wetu aliitwa Shafii Mndolwa, lakini kwao hakuna aliyemwita hivyo. Tangu binti yake wa pekee azaliwe, mtaa mzima ulimwita Baba Fulani, kwa jina la mtoto, kama ilivyo desturi yetu. Hilo jina la binti nitalibana kwanza, kwa sababu ndilo lililomtoa mtu huyu jasho. Shafii alikuwa na dukuduku lake. Mvi zimeshaanza, ndevu zimejaa, na bado muuza mkaa anamwita kwa jina la kitoto kinachong'oka meno ya mbele. Alitamani siku moja aingie mahali watu wamwite mkubwa. Basi akaingia Mezani, na huko akaitwa.

Nchi yenyewe ni ya ajabu. Ardhi yake ni ya kijani lakini haioti jani, na imechorwa vijia vya shaba vilivyonyooka, visivyokatizwa na mbuzi wala mtoto. Nyumba zote ni za bati. Katikati ya nchi unawaka Moto Mkuu, na juu yake inazunguka feni moja kubwa ili moto usije ukawaunguza wenyewe. Watu wa huko, Wamezani, wana akili nyepesi na kumbukumbu fupi, nao wanalijua hilo wala hawalionei haya. Moto ukizimwa jioni, vichwa vyao hupukutika vyote: majina, ndoa, ugomvi, hata ladha ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kulala, kila mtu hupita kwenye Ghala akaweka mambo yake, na kila asubuhi hurudishiwa. Mtunza ghala ni bibi mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, anaitwa Bibi Tunza, na kumbukumbu za nchi nzima anazo yeye.

Shafii alifika asubuhi, nchi ikiwa ndiyo kwanza inaamka, akasimama pembeni atazame.

Kazi ya kuiamsha Mezani ni ya Mzee Hodi. Huyu hasahau hata moto ukizimwa, kwa kuwa maneno yake ni machache na yamechongwa kwenye mifupa. Alitoka nyumbani kwake akiburuza miguu, akaenda kwanza kwenye nyumba iitwayo Nyumba ya Vibapa, kwa jina la zile diski bapa za zamani. Nyumba ile haina mtu. Milango imeshika kutu, na hakuna anayekumbuka nani aliwahi kukaa mle. Lakini sheria ya zamani inasema abishe pale kwanza, naye akabisha. "Hodi. Hodi. Hodi." Kimya. Akageuka, akawatazama watu waliokuwa wamesimama barabarani na macho matupu, akauliza, "Niendelee?"

"Endelea," wakajibu wote kwa pamoja.

Shafii akamuuliza mlinzi wa lango, kwa nini wanaulizwa. Mlinzi akamwambia hiyo ndiyo haki ya raia wa Mezani. Hawana nyingine, lakini hiyo hawajawahi kunyimwa. Wakiulizwa "Niendelee?", hujibu "Endelea". Hakuna aliyewahi kujibu vingine, wala hakuna aliyefikiri kwamba lipo jibu jingine.

Mzee Hodi akasogea mpaka mlango wa Ghala. "Hodi kwa Mkubwa," akaita.

"Karibu," akajibu Bibi Tunza kutoka ndani, na milango ikafunguka. Watu wakapewa vyao, barabara nzima ikaanza kusalimiana, mume akamkumbuka mkewe, na wengine wawili wakaendelea na ugomvi wa jana pale pale ulipokuwa umeishia. Kisha kiongozi wa nchi, Sheha Takrima, akapanda jukwaani kwa kanzu iliyopigwa pasi, akatangaza kwamba leo ni siku ya kwanza ya nchi ya Mezani na ukurasa mpya umefunguliwa. Wakapiga makofi. Mlinzi alimnong'oneza Shafii kwamba hotuba hiyo husomwa kila siku. Chini ya kiti cha Mzee Hodi kuna kijiwe cha mviringo, bapa, kinachotunza tarehe wakati watu wamelala, na kijiwe hicho kimekufa. Kwa hiyo kila kukicha ni siku ya kwanza. Serikali inalijua jambo hilo, lakini kubadilisha kijiwe ni kukiri kwamba miaka imepita, na hapo watu wangeuliza imepita wakifanya nini.

Shafii alicheka mno. Angejua, angegeuka pale pale arudi kwao.

Jioni wakampa nyumba ya wageni, iliyopakana na Ghala na kutumia njia moja nalo ya kupitia. Nyuma ya mlango wa Ghala aliona misumari midogo, jozi tatu zimepangwa kwa mstari, na jozi ya mwisho imefunikwa na kibanio chekundu. Kibanio kikiwa kwenye jozi ya mwisho, mwenye nyumba ni Mkubwa, na Mzee Hodi akiita Mkubwa, huyo ndiye ajibuye. Kikiwa kwenye jozi ya katikati, mwenye nyumba ni Mdogo, naye husubiri aitwe baadaye. Mlango wa mgeni nao ulikuwa na misumari ile ile.

Na hapa ndipo uungwana wa Wamezani ulipowaponza. Sheha Takrima alikuja mwenyewe na kibanio kwenye sahani. Kwa haki, kingekwenda katikati, kwa sababu njia moja haina wakubwa wawili. Lakini Sheha asingeweza kumwita mgeni Mdogo. Neno lenyewe lilikwisha kufutwa katika lugha ya ofisini. Mezani kila mtu ni mkubwa: mpiga pasi ni mkubwa, mlinzi mkubwa, hata mwizi akikamatwa huambiwa, mkubwa tafadhali nyoosha mikono. Sheha akakibana kwenye jozi ya mwisho, akarudi nyuma, akainama kidogo.

"Karibu Mezani, Mkubwa," akasema.

Moyo wa Shafii ukavimba. Nasema wazi, alifurahi mpaka akashindwa kula.

Kabla ya kulala alipelekwa kwa Bibi Tunza, maana mgeni halali Mezani bila kuweka kitu ghalani.

"Nipe kile unachokipenda zaidi, mwanangu," bibi akamwambia. "Vingine havina uzito. Hupeperuka."

Shafii akainama, akamnong'oneza jina la binti yake. Bibi Tunza akalipokea kwa viganja viwili.

"Asubuhi utalikuta," akasema. "Mimi sijawahi kumpotezea mtu hata kikohozi."

Basi kukacha. Mzee Hodi akabisha kwenye Nyumba ya Vibapa, akauliza aendelee, akaambiwa endelea, akaja mpaka mbele ya milango miwili.

"Hodi kwa Mkubwa."

Shafii aliyalea maneno yale tumboni hata usingizini. Akajivuta kitandani, akajibu kwa sauti nzito, "Karibu." Na kwa wakati ule ule Bibi Tunza naye akajibu, "Karibu." Sauti mbili zikagongana kwenye njia moja, zikawa mkwaruzo usio na neno. Mzee Hodi akaita mara ya pili, ikawa vile vile. Akaita ya tatu. Kisha akasimama wima, akatamka maneno ambayo yalikuwa yamechongwa kwenye mifupa yake lakini hakuna aliyewahi kuyasikia: "Ghala halionekani."

Milango haikufunguka.

Shafii akatoka nje akijifunga shuka, akakuta barabara imejaa watu wasiojijua. Mwanamke mmoja alikuwa amembeba mtoto mchanga, anamtazama kama mzigo uliosahauliwa na mpita njia. Mtoto analia, naye hamnyonyeshi, kwa kuwa hajui ni wake. Mzee mmoja alikuwa anajipapasa uso kwa vidole, polepole, akitafuta ni wa nani. Hakuna aliyepiga kelele.

Akataka kumwomba Mungu amrudishe salama kwa mwanawe, akafungua mdomo alitaje jina. Halikuwepo.

Uso aliuona. Pengo la meno aliliona, na mkono mdogo uliozoea kumshika kidole kimoja tu badala ya kiganja chote. Jina hakuliona. Alilitafuta juu, akalitafuta chini, akaanza kutaja majina yote ya kike anayoyajua, na kila moja likapita kama la mtoto wa jirani. Alikumbuka kitu kimoja tu kuhusu jina lile, kwamba lilikuwa na giza ndani yake, na hakujua giza gani.

Baraza likaitishwa chini ya feni. Wakuu wa nchi nao walikuwa watupu vichwani, lakini uongozi Mezani hauhitaji kumbukumbu, unahitaji kanzu, na kila aliyejikuta amevaa kanzu alikwenda kukaa mbele. Sheha Takrima alizisoma taratibu zilizoandikwa ukutani, akamuuliza Mzee Hodi kimetokea nini.

"Nimeita Mkubwa, wameitika wawili," akasema Mzee Hodi. "Njia ni moja. Mmoja awe Mdogo."

Minong'ono ikazuka kwa kulisikia lile neno. Mzee wa kwanza akasema Bibi Tunza hawezi kushushwa, sheria inamtaja. Wa pili akasema mgeni naye hawezi kushushwa, huko ni kumvunjia heshima, na kumvunjia mgeni heshima ni kosa kubwa kuliko yote. Wa tatu akapendekeza wote wawili waitwe Mkubwa Kiasi. Likajadiliwa hilo kwa muda mrefu, kwa hoja nzuri na methali, huku mtoto mchanga akiendelea kulia barabarani mpaka sauti ikamkauka.

"Jamani, nishusheni mimi," akasema Shafii. "Mimi sitaki ukubwa. Nitoleeni hicho kibanio, nipeni changu niende."

Sheha Takrima akatabasamu kwa upole.

"Mkubwa, unasema hivyo kwa sababu ya uungwana wako," akajibu. "Nasi kwa uungwana wetu hatuwezi kukukubalia."

Ndipo akaitwa Bwana Usafi.

Nchi nzima hakuna mtu msafi kama yeye. Nguo nyeupe, kucha zimekatwa, nyuma yake vijana wenye mafagio mapana wamepanga mstari. Alizungumza polepole, kama daktari anayemtuliza mgonjwa.

"Ghala lisiloonekana hufagiwa," akasema. "Tunatoa vyote vilivyomo, kuta zinabaki nyeupe, kisha watu wanapewa majina mapya na wanaanza upya. Fagio haliumi. Aliyefagiliwa hajawahi kulalamika."

"Na vya watu vilivyomo?" akauliza Shafii.

"Vitu gani hivyo, Mkubwa? Muulize yeyote hapa kama kuna kitu amekikosa."

Shafii akageuka. Nyuso zote zikamtazama, tulivu, hazijakosa kitu. Yule mwanamke alikuwa ameshamlaza mtoto chini, kando ya njia, akaenda kusimama na wengine. Hapo Shafii aliogopa hofu ambayo hakuwahi kuijua, na niseme ukweli, hakuogopa kifo. Aliogopa kwamba jua litakuchwa, naye atakuwa hapa, mtulivu, hajakosa kitu.

Sheria ilidai jambo moja tu kabla ya fagio kuingia. Bwana Usafi alipaswa kuwauliza raia, naye akaanza kupanga vijana wake mbele ya Ghala ili awaulize. Na jibu lao tunalijua.

Shafii akamvuta Mzee Hodi kando ya feni. "Mzee wangu, nikikihamisha kile kibanio mwenyewe?"

"Moto ukiwaka hakihamishwi. Utaungua wewe na Ghala."

"Basi uzimwe."

"Nikiuzima mchana, aliye macho hupukutika. Ulipolala usiku, ulikosa ulichoweka tu. Ukiwa macho gizani utakosa vyote. Utasimama na kibanio mkononi hujui ni nini."

Shafii akamgeukia. "Na wewe?"

"Mimi sisahau. Sijui mengi ya kusahau." Mzee Hodi akauangalia mkono wa chuma ulio ubavuni mwa Moto Mkuu, ule wa kuuzima na kuuwasha. "Lakini siushiki mpaka niamriwe. Na anayeniamuru ni Mkubwa."

Tangu jana Shafii aliitwa Mkubwa na watu wote wa nchi ile, na hakuna hata mmoja aliyemtii. Huyu mzee ndiye pekee aliyekuwa anasubiri amri.

"Nikifika mlangoni, zima," akasema. "Hesabu pumzi zako mpaka uone zimetosha mtu kubandua na kubandika. Kisha washa. Hiyo ndiyo amri yangu, na sitatoa nyingine."

"Ndiyo, Mkubwa."

Alikimbia. Nyuma yake alimsikia Bwana Usafi akikohoa kidogo, kisha akipaza ile sauti yake laini: "Ndugu wananchi, niendelee?"

Shafii akaufikia mlango wa nyumba ya wageni, akatia kidole kwenye kibanio.

"Ende..." wakaanza watu wote, na moto ukazima.

Feni ikapungua mwendo, ikasimama. Ukimya uliofuata haukuwa na pande. Shafii akavuta kibanio, kikatoka. Akapapasa jozi ya katikati, na wakati anapapasa ndipo upukutikaji ulipomwanza. Njia ya kwao ilitoka kwanza, kona baada ya kona. Uso wa mkewe ukatoka. Akalishika pengo la meno, akalishika kwa nguvu zake zote, na lenyewe likamponyoka. Akasahau anaitwa nani. Akasahau yuko nchi gani na kwa nini analia, na bado alikuwa analia. Mwisho akabaki mtu gizani mwenye kitu kidogo kigumu kati ya vidole, mbele yake misumari, na hofu. Hofu haikutoka. Hakujua inatoka wapi wala inamtaka nini, ila vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kazi, na hofu ikavisukuma viimalize. Kibanio kikaingia kwenye jozi ya katikati, kikalia tik.

Mzee Hodi akauwasha moto.

Feni ikakoroma, mwanga ukapanda kwenye vijia vya shaba. Watu walikuwa wamesimama pale pale, midomo wazi, hawajui walikuwa wanasema nini. Bwana Usafi alilitazama fagio lililo mkononi mwake kama aliyeletewa na upepo. Na mzee akaanza safari yake upya, akiburuza miguu, akabisha kwenye Nyumba ya Vibapa isiyo na mtu mara tatu, bila kuharakisha hata neno.

"Niendelee?"

"Endelea," wakajibu.

Akaja mpaka kwenye milango miwili.

"Hodi kwa Mkubwa."

Yule mtu mlangoni akafungua mdomo. Mazoea ya siku moja yalikuwa yameshamwingia. Macho yake yakaangukia kibanio, akaona kilipo, na ingawa hakujua kwa nini, akaufumba mdomo wake.

"Karibu," ikasikika sauti moja, ya kukwaruza.

Milango ikafunguka. Wakapewa vyao, mmoja mmoja. Yule mwanamke alipopokea chake alitoa ukelele mmoja, akakimbia kando ya njia akamwokota mwanawe, akakaa chini pale pale kumnyonyesha. Mtu wa mlangoni akasubiri. Walikwisha watu wote, naye bado anasubiri, kwa sababu ndiyo sheria ya njia moja.

"Hodi kwa Mdogo," akaita Mzee Hodi.

Neno lile lilikuwa halijasikika Mezani kwa muda ambao hakuna kijiwe kilichoutunza. Watu waligeuka kutazama nani atakayekubali kuitikia.

"Naam," akasema yule mtu.

Bibi Tunza akatoka mwenyewe kwa miguu yake minene. Alimrudishia njia ya kwao, ambayo ilinaswa ghalani ilipokuwa inampeperuka, akamrudishia mkewe na jina lake, Shafii Mndolwa. Mwisho akakunjua viganja, akamnong'oneza lile alilolipokea jana. Shafii akakaa chini, akajifunika uso kwa shuka.

Sheha Takrima alikuwa ameshapanda jukwaani. Alitangaza kwamba leo ni siku ya kwanza ya nchi ya Mezani na ukurasa mpya umefunguliwa. Alipomwona mgeni amekaa chini aliona aibu kwa niaba ya nchi, akaagiza iletwe sahani. Juu ya sahani kulikuwa na kibanio kingine chekundu, kipya. Shafii alipokiona alikwenda mbio mpaka nje ya lango, wala hakuaga.

Alifika mtaani kwao mchana, watu wamekaa vibarazani. Muuza mkaa, ambaye siku hiyo alikuwa na mteja wa kumwonyesha adabu zake, akamsalimu, "Habari za safari, mkubwa?" Shafii akapita kama hakusikia. Akafika kwake, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, na akajikuta anaogopa kuusukuma.

"Hodi," akasema.

Vikasikika vijiguu vinakimbia ndani, vikasimama nyuma ya mlango. Mtoto huyu alizaliwa umeme umekatika, wakunga wameshika tochi, ndiyo maana akapewa jina lile.

"Nani?" kikauliza kisauti.

Shafii akaliweka jina ulimini kwanza, akahakikisha lipo, ndipo akajibu.

"Baba Chausiku."